Namna ya Kutathmini Athari za Ukuaji wa Mji kwa Ardhioevu na Vyanzo vya Maji

Ardhioevu inaweza kufa bila hata lori moja la kifusi kumwagwa ndani yake. Mtaro wa zege uliojengwa nusu kilomita juu ya bonde, kalavati lililowekwa chini kuliko usawa wa matope ya asili, au visima virefu vinavyovuta maji usiku na mchana katika mtaa wa jirani, vyote vinaweza kulikausha au kulifurikisha bonde ambalo kwenye ramani bado linaonekana zima, mipaka yake haijaguswa. Kwa sababu hiyo, tathmini inayoishia kuhesabu hekta zilizojengwa huwa haijaligusa jambo lenyewe. Maswali yanayopaswa kuongoza kazi yote ni haya: maji yanatoka wapi, yanafika lini, ni mengi kiasi gani, yamebeba nini, na yanaelekea wapi, kisha, katika hayo yote, mji umebadilisha lipi na utabadilisha lipi.

Kuweka mipaka ya kazi

Mkataba wa Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu uliotiwa saini nchini Iran mwaka 1971, unaitazama ardhioevu kwa upana: vinamasi na maji ya asili au yaliyotengenezwa na binadamu, ya kudumu au ya msimu, yaliyotuama au yanayotiririka, matamu au ya chumvi, pamoja na maji ya bahari yasiyozidi kina cha mita 6 wakati yamekupwa. Ni vyema kuushika upana huo, hasa neno «msimu», kwa kuwa sehemu inayoathirika mapema zaidi mjini ni ile inayolowa miezi michache tu kwa mwaka na ambayo wakati wa kiangazi kila mtu huiona kama kiwanja kitupu.

Mtathmini anahitaji mipaka miwili. Mpaka wa kwanza ni wa ardhioevu yenyewe, na wa pili ni wa dakio la maji, yaani eneo lote ambalo mvua ikinyesha, maji yake huishia hapo. Dakio la mashambani huchorwa kwa kufuata migongo ya ardhi, na data za miinuko zilizopimwa kutoka angani hupatikana bila malipo. Mjini hiyo haitoshi. Mitaro na mabomba ya maji ya mvua hukata migongo hiyo, na kalavati moja linaweza kuuhamisha mtaa mzima kutoka dakio hili kwenda lile. Hakuna njia ya kulijua hilo isipokuwa kutembea, ikiwezekana mvua inaponyesha, ukiufuata kila mtaro hadi unapomwaga maji yake na kuandika mwelekeo wa mtiririko kwenye ramani. Kazi hii ya siku mbili au tatu inachosha na inalowesha, lakini sijui hatua nyingine inayosahihisha makosa mengi kwa gharama ndogo kiasi hicho.

Mpaka wa ardhioevu yenyewe huthibitishwa kwa mambo matatu yakiangaliwa pamoja: maji, mimea na udongo. Maji hupungua na mimea hufyekwa, ila udongo hutunza kumbukumbu. Chimba shimo la kina cha sentimita 50, ukate ubavu wake kwa jembe kali, kisha uutazame ukiwa bado mbichi. Udongo uliokaa na maji kwa muda mrefu hukosa hewa, madini yake ya chuma hubadilika, na rangi huwa ya kijivu au ya kijivu-samawati. Pale ambapo maji hupanda na kushuka, utaona madoa ya rangi ya kutu, hasa kando ya vijia vya mizizi. Pembezoni mwa mji mara nyingi utakuta tabaka la juu ni changarawe nyekundu iliyochanganyika na vipande vya matofali, na chini yake, ghafla, tope jeusi lenye mizizi iliyooza ya matete. Mahali hapo palikuwa ardhioevu hadi kifusi kilipomwagwa, hata kama hati zote zinapaita kiwanja cha makazi. Piga picha ya ubavu huo ukiwa umesimamisha rula kando yake, andika viwianishi vyake, yaani namba zinazoonyesha mahali pake kwenye ramani, na urudie shimo kila baada ya mita 20 au 30 kuelekea nje hadi tope jeusi lipotee. Hapo utakuwa umeupata mpaka wa zamani.

Kujua hali ilivyokuwa kabla ya ujenzi

Athari ni tofauti kati ya ilivyo sasa na ambavyo ingekuwa bila mji kukua, na tofauti hiyo haiwezi kupatikana bila kujua hali ya awali. Kwa kawaida mtathmini huitwa wakati matingatinga yameshafika, kwa hiyo hulazimika kuitafuta nyuma. Picha za satelaiti za Landsat zilianza kuchukuliwa mwaka 1972, na tangu miaka ya 1980 zinaonyesha vitu vya ukubwa wa mita 30. Picha za Sentinel-2, zilizoanza mwaka 2015, hufikia mita 10. Zote ni za bure. Chagua picha za angalau miaka mitatu au minne iliyoachana, zote za mwezi uleule, na uangalie rekodi za mvua za miezi iliyotangulia kila picha. Kosa linaloharibu kazi nyingi za aina hii ni kulinganisha picha ya mwaka wa mvua nyingi na ya mwaka wa ukame, kisha kuutwisha mji lawama ambayo ni ya hali ya hewa, au kinyume chake, kuusafisha mji kwa sababu mvua za mwaka wa mwisho zilikuwa kubwa.

Zipo programu zinazotenganisha maji na nchi kavu kwa kulinganisha namna kila kimoja kinavyorudisha mwanga, nazo hufanya kazi vizuri kwenye maji yaliyo wazi. Juu ya mafunjo na matete yaliyosongamana hukosea, kwa kuwa satelaiti huona majani tu na bonde lililojaa maji likaweza kuhesabiwa kuwa shamba. Chagua nukta kadhaa za kila aina ya ardhi uliyoichora, uende kuzihakiki kwa miguu, na useme wazi ni ngapi zilikuwa sahihi.

Tafuta pia ardhioevu ya kulinganishia, yenye udongo, mvua na ukubwa unaokaribiana na ile unayoitathmini, lakini ambayo dakio lake halijajengwa. Tuseme kina cha maji cha kiangazi katika bonde la mjini kimeshuka kwa sentimita 40 ndani ya miaka mitano, na katika bonde la kulinganishia kimeshuka kwa sentimita 30 kwa muda huohuo. Kinachoweza kuhusishwa na mji ni zile sentimita 10 za tofauti. Bila bonde la pili, ungeandika 40, na yeyote mwenye rekodi za mvua angeiangusha ripoti yako yote kwa swali moja.

Maji yanayokuja kwa wingi na kwa haraka

Paa, lami na zege huyanyima maji nafasi ya kuzama ardhini. Mvua ya milimita 50 juu ya hekta moja ni mita za ujazo 500 za maji. Kwenye nyasi na udongo uliolegea sehemu kubwa ya maji hayo huzama, lakini juu ya lami karibu yote huondoka, tena ndani ya dakika chache. Kwa madakio madogo, kipeo cha mtiririko, yaani kiasi cha maji yanapokuwa mengi zaidi, kinaweza kukadiriwa kwa kanuni rahisi ambayo wahandisi wameitumia tangu karne ya 19: zidisha kizio cha utiririshaji (sehemu ya mvua inayotiririka badala ya kuzama) kwa ukali wa mvua katika milimita kwa saa, uzidishe tena kwa eneo katika hekta, kisha ugawanye kwa 360, na jibu litakuwa mita za ujazo kwa sekunde. Chukua dakio la hekta 20 na mvua ya milimita 60 kwa saa. Likiwa na nyasi na miti, kizio kinaweza kuwa 0.2, na jibu ni takribani 0.67. Likijengwa kwa msongamano, kizio kikafika 0.7, jibu ni 2.33. Mvua ni ileile, lakini mdomo wa mtaro unapokea maji mara tatu na nusu, na huo ndio mkondo unaochimba korongo katikati ya matete na kuyafukia mengine kwa mchanga.

Pima, basi, asilimia ya dakio iliyofunikwa kwa paa na sakafu ngumu. Tafiti za vijito vilivyozungukwa na miji nchini Marekani katika miaka ya 1990 zilionyesha kwamba afya ya kijito huanza kudorora asilimia hiyo inapokaribia 10, na inapovuka 25 uharibifu huwa mkubwa. Usizichukue namba hizo kama sheria, kwa maana mteremko, udongo na hali ya hewa hubadilisha mambo. Jambo lenye uzito zaidi ni kutenganisha paa ambalo mfereji wake unamwaga maji bustanini na paa ambalo limeunganishwa moja kwa moja na mtaro. Mitaa miwili inaweza kuwa na mabati sawa na athari zisizofanana hata kidogo.

Upande wa pili wa hesabu ni nafasi ya kuhifadhi mafuriko. Bonde la hekta 15 ambalo maji yake yanaweza kupanda kwa nusu mita hushika mita za ujazo 75,000. Ukijaza hekta 3 kwa kifusi, umeondoa nafasi ya mita za ujazo 15,000, na maji hayo yakikosa mahali pengine pa kwenda yatapandisha usawa wa hekta 12 zilizobaki kwa sentimita 12.5 zaidi. Andika hesabu hiyo kwa ukamilifu, kisha uende na kifaa cha kupimia miinuko kwenye vizingiti vya milango ya nyumba zilizo ukingoni uone ni zipi zilizo ndani ya hizo sentimita 12.5. Wenye nyumba hizo wana haki ya kuzijua namba zao.

Kina na msimu

Hapa ndipo ningeshauri muda mwingi zaidi utumike, kwa sababu ardhioevu huishi kwa mwendo wa maji yake: yanapanda mwezi gani, yanakaa siku ngapi, yanashuka kwa kasi gani. Vyura wanaotaga kwenye vidimbwi vya msimu wanahitaji maji yakae hadi viluwiluwi vipate miguu. Yakikauka wiki mbili mapema, kizazi chote hupotea ingawa jumla ya maji ya mwaka haikupungua.

Vifaa vya kupimia havigharimu sana. Simamisha nguzo iliyochorwa sentimita mahali pasipokauka, uifunge kwenye kitu ambacho hakitatikisika, na upime usawa wake kwa kulinganisha na alama ya kudumu kama pembe ya daraja, ili nguzo ikiangushwa au kuibwa uweze kuweka nyingine bila kupoteza mfululizo wa rekodi. Kando yake, fukia bomba la plastiki lenye matundu madogo upande wa chini, lililozungushiwa kitambaa cha kuzuia tope, liingie mita moja na nusu au mbili ardhini. Usomaji wa mara moja kwa wiki unatosha wakati wa kiangazi, ila msimu wa mvua usome kila siku. Ukiona maji ndani ya bomba yako juu kuliko maji ya nje, ujue ardhi ndiyo inayoilisha ardhioevu. Yakiwa chini, ardhioevu ndiyo inayoilisha ardhi. Tofauti hiyo ya sentimita chache ndiyo itakayokuambia kama visima vya jirani ni tishio kwa bonde, au kama kulifukia bonde ni tishio kwa visima.

Lipo jambo moja ambalo wengi hulipita bila kuliona. Mji haukaushi tu. Mabomba yanayovuja, maji ya kufulia na mashimo ya vyoo huweza kuleta maji mwaka mzima mahali palipozoea kukauka, na bonde la msimu likageuka kinamasi cha kudumu. Kwa macho linaonekana limestawi, la kijani kibichi hata kiangazi kikali. Lakini mimea iliyohitaji ukavu ili mbegu zake ziote hutoweka, aina moja au mbili za magugu hutawala, na mbu hupata mazalia ya kudumu. Ukikuta ardhioevu ya mjini yenye maji mengi kiangazi kuliko ile ya kulinganishia, usiandike kwamba iko salama. Fuata maji hayo ujue yanakotoka.

Maji ya chini ya ardhi

Katika visima vilivyopo, pima kina cha maji alfajiri kabla watu hawajaanza kuchota, mwishoni mwa kiangazi na mwishoni mwa mvua, kwa miaka mingi kadiri rekodi zinavyoruhusu. Uliza pia kuhusu mashimo ya misingi ya majengo marefu, kwani pampu zinazoyakausha kwa miezi kadhaa hushusha maji ya eneo zima na haziingii katika orodha yoyote ya visima. Pwani hatari ni kubwa zaidi, maana maji matamu huelea juu ya maji ya chumvi: kwa kanuni ya jumla, kila mita 1 ya maji matamu juu ya usawa wa bahari hushikilia takribani mita 40 chini yake, na kuyashusha kwa mita hiyo moja hufungua njia ya chumvi kupanda.

Ubora wa maji

Orodha ya vipimo vya maabara ni ndefu, na fedha ni chache. Anza na vinavyopimwa palepale: joto, uchachu, upitishaji umeme, hewa ya oksijeni iliyoyeyuka na ung'avu. Upitishaji umeme unastahili kupewa kipaumbele kwa kuwa hupanda karibu kila mahali ambapo maji taka au maji ya mitaa yameingia, na kwa kuupima hatua kwa hatua kando ya mkondo unaweza kulifikia bomba lenyewe linalochafua. Oksijeni ipimwe kabla ya jua kuchomoza. Mchana mimea ya majini huizalisha na namba huwa nzuri; samaki hufa alfajiri, baada ya usiku mzima wa kupumua bila mwanga.

Saa ya kuchukua sampuli ina uzito kuliko wingi wa sampuli. Mvua ya kwanza baada ya ukame husomba mafuta, vumbi la breki, kinyesi na taka za miezi, kiasi kwamba chupa iliyojazwa katika nusu saa ya mwanzo hueleza mengi kuliko chupa kumi za siku tulivu. Chukua zote mbili, na uandike saa. Chupa za kupima bakteria wa kinyesi zitakaswe, ziwekwe kwenye barafu, zifikishwe maabara siku hiyohiyo.

Kisha pindua mawe na upitishe wavu kwenye matete. Wadudu wachanga wa majini hukaa humo kwa wiki au miezi, kwa hiyo wanashuhudia hata uchafu uliopita wewe ukiwa hupo. Ukikuta aina nyingi, zikiwemo zile zisizovumilia maji yaliyokosa hewa, ni dalili njema. Ukikuta minyoo na funza wekundu pekee, mkondo umelemewa hata kama kipimo cha siku hiyo ni safi.

Fikiria mwishowe anayekunywa maji hayo. Mjini Kampala, maji ya katikati ya mji hupitia bonde la Nakivubo kuelekea Ziwa Victoria, katika ghuba ya Murchison, na mitambo ya Gaba inayosafisha maji ya kunywa ya mji huvuta maji kutoka ghuba hiyohiyo. Mafunjo ya bonde hilo hunasa tope na kufyonza virutubisho kabla havijafika ziwani. Mpangilio wa namna hiyo upo katika miji mingi, na tathmini inapaswa kuonyesha kwa kupima juu na chini ya bonde ni kiasi gani cha uchafu kinachobaki humo. Kiasi hicho ndicho mitambo italazimika kukiondoa kwa dawa na umeme bonde likitoweka.

Wanaolijua bonde

Wavuvi, wakata matete, wakulima wa bustani za bondeni na akina mama wanaochota maji wana rekodi ambazo hazimo katika ofisi yoyote. Usiwaulize kama mafuriko yameongezeka, kwa kuwa jibu utakalopata litategemea mvua ya mwezi jana. Waulize maji yalifika wapi mwaka fulani wanaoukumbuka kwa tukio, waombe wakuonyeshe ukutani kwa kidole, na upime urefu wa alama hiyo. Waulize pia ni samaki au mmea gani waliacha kuupata, na lini. Majibu ya watu watatu wasiofahamiana yakikubaliana, yaingize katika ripoti kama ushahidi kamili.

Kutoa uamuzi na kuuandika

Baada ya kukusanya haya, pima uzito wa kila athari kwa kuangalia ukubwa wake, eneo, muda, na kama inaweza kurudishwa. Korongo lililochimbwa na mtaro linaweza kuzibwa. Maji ya ardhini yaliyoingiwa na chumvi huchukua miaka mingi kupona. Jumlisha miradi. Kila kiwanja kikiombewa kibali peke yake, kila kimoja kitaonekana kidogo, na dakio litafunikwa lote bila athari kubwa kuwahi kuandikwa popote. Kwa hiyo chora ramani moja yenye vilivyojengwa, vilivyoidhinishwa na vilivyomo katika mpango wa mji, urudie hesabu ya mtiririko kana kwamba vyote vimekamilika.

Mapendekezo yafuate mpangilio huu: kwanza kuepuka, kisha kupunguza, kisha kurejesha, na fidia iwe ya mwisho kabisa, kwani bonde lililochimbwa mahali pengine halitazuia mafuriko ya hapa. Kila pendekezo liwe na kipimo chake. «Ulinzi wa mazingira uzingatiwe» ni sentensi isiyomfunga mtu. «Mtiririko kutoka kwenye eneo la mradi usizidi mita za ujazo 0.67 kwa sekunde kwa mvua ya milimita 60 kwa saa, na kitako cha kalavati kisishuke chini ya usawa wa alama namba 4» ni sharti ambalo mkaguzi anaweza kwenda nalo uwanjani.

Pale ambapo ulipima msimu mmoja tu, sema hivyo katika ukurasa wa kwanza, si kwenye kiambatisho, na ueleze ni hitimisho lipi linaloweza kubadilika kwa sababu hiyo. Nguzo na bomba uliloweka viachwe mahali pake. Taja katika ripoti nani atakayevisoma, kila siku ya wiki gani, kwa muda usiopungua miaka mitatu baada ya ujenzi kukamilika, na kina kikishuka chini ya kiwango gani ataarifiwa nani ili pampu zisimamishwe. Kabla ya kuondoka, visome pamoja na msomaji huyo mara ya kwanza, na umwachie daftari lililoandikwa tarehe na usomaji wa siku hiyo.